Katikati ya Lambo Hapajapimwa

(Majina ya watu wote katika barua hii yamebadilishwa.)

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu kutoka Olbalbal, ambako nakaa katika kambi ya mahema ingawa kwetu ni Karatu, na ninaomba unisaidie kabla mvua hazijafika, kwa sababu kila mtu niliyeweza kumwuliza amekwisha kunijibu, na majibu yao wote yananitaka ninyamaze, nami kunyamaza kumenishinda na kusema pia kumenishinda.

Mimi ni mwanamke Mwiraqw, binti wa mkulima, sijaolewa, na kazi niliyoisomea ni kupima udongo, ambayo ndiyo ninayoifanya katika lambo tunalolijenga huku kwa ajili ya maji ya mifugo, na kwa kuwa watu wengi hawaijui kazi hii naomba niieleze kidogo: ukuta wa lambo letu ni udongo mtupu, hauna saruji, unamwagwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka linanyunyiziwa maji ya kiasi, kisha mtambo mzito wenye gurudumu la chuma unapita juu yake mara nyingi mpaka udongo ushikamane, na asubuhi yake ninakuja mimi na sahani ya chuma yenye tundu, patasi na mizani, ninachimba kishimo, ninaupima uzito udongo uliotoka, ninakijaza kishimo mchanga mkavu ambao uzito wake naujua ili nipate ukubwa wake, halafu ninaukausha ule udongo kwenye kikaango juu ya jiko la mafuta ya taa ili nijue ulikuwa na maji kiasi gani, na baada ya hesabu ninasema tabaka limeshikamana, tuendelee, au halikushikamana, lirudiwe.

Madereva wamezoea kunitania, wakiniona na kikaango huuliza, "Dada Evarista, leo udongo tunaula na nini?" nami huwajibu kwamba kitoweo ni dereva wa greda, tunacheka, kazi inakwenda. Nina rafiki pia, mama mmoja wa Kimasai aitwaye Naipanoi, ambaye boma lake liko kwenye ukingo wa korongo kavu, chini kidogo ya ukuta wetu, kwa sababu pale pana migunga na upepo wa vumbi haupigi sana, huniletea maziwa karibu kila siku, na siku ya kwanza aliponiona nachimba kishimo kisha nakijaza tena alisimama akanitazama mpaka nilipomaliza, akasema, "Yaani wewe unalipwa kuchimba shimo na kulifunika? Hata fisi ana kazi kuliko wewe," na tangu siku hiyo watoto wake huniita Fisi, nami huitika.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Maji ya kunyunyizia udongo huletwa na lori kutoka chemchemi ya huko juu milimani, na siku tuliyokuwa tunaziba katikati ya ukuta, yaani mahali lilipopita korongo la zamani, ambapo pana kina kuliko pengine pote na ambapo maji yatasukuma kwa nguvu kuliko pengine pote, lori lilikuja mara moja tu kwa kuwa lilikuwa limeharibika kwenye mteremko, udongo ulikuwa umekwisha kutandazwa unangoja, na mara ndama wa mabomani, ambao walikuwa wametembezwa kutoka mbali bila kunywa, wakasikia harufu ya maji, wakaja, wengine wakalala chini pale pale mbele ya magurudumu ya lori na wachungaji wakashindwa kuwainua. Msimamizi wetu, Mzee Wilibrodi, ni mtu wa Mbulu na ana ng'ombe wake nyumbani, akawatazama wale ndama kwa muda, akamwambia dereva, "Fungua."

Dereva akasema, "Mzee, na udongo je?"

"Udongo haulii. Fungua, nimesema."

Yakafunguliwa katika mapipa yaliyopasuliwa, ndama wakanywa, kina mama wakachota, mimi mwenyewe nilibeba ndoo nikawasaidia wala sikuona kosa, hata leo silioni, ila maji yakaisha, na Mzee Wilibrodi hakutaka kuipoteza siku, akaamuru mtambo upite juu ya udongo ule ule mkavu, ukapita mpaka jioni huku vumbi likituficha sisi kwa sisi.

Wazee wakaguswa sana na tendo lile. Jioni hiyo Mzee Olais, ambaye ni baba mkwe wa Naipanoi na ndiye anayesikilizwa na mabomba yote ya jirani, nisamehe, mabomani kote, alikuja na wazee wenzake wakiwa na kibuyu cha maziwa na majani mabichi, ambayo sijui waliyatoa wapi katika kiangazi hiki, wakasimama pale pale katikati, mahali tulipokuwa tumetoka kushindilia, wakanyunyiza maziwa kwa yale majani na kuomba, wengine wakiitikia kila Mungu alipotajwa, na mwishoni Mzee Olais alisema kwa Kimasai na mwanawe Metui akatutafsiria kwamba watu waliowanywesha ndama wao kabla ya kazi yao wenyewe wamekuwa ndugu, na kwamba mahali hapa pamefungwa kwa maziwa, chuma kisipafungue tena.

Asubuhi nilikuja na sahani yangu na patasi, Metui akaniwahi mbio. "Takwenya," akaniamkia, nikaitika, "Iko," akasema, "Dada, pima kote, lakini hapo hapana. Wazee wamefunga." Nikapima kushoto, nikapima kulia, ambako udongo ulikuwa umenyunyiziwa siku za nyuma, pote pakawa pazuri. Lakini nilipofikicha udongo wa pembeni mwa pale pa katikati ulipukutika kama unga wa muhogo, na udongo wa huku ni majivu ya milima ya moto, ukishindiliwa mkavu unakudanganya, unaonekana umelala kumbe haukushikana.

Nikamwendea Mzee Wilibrodi. Akaniuliza, "Kushoto umepima?"

"Nimepima."

"Na kulia?"

"Nimepima, pamepita."

"Basi katikati ni ndugu yao. Andika."

Nikamwambia, "Umri wako nauheshimu, Mzee, lakini mahali nisipochimba siwezi kupaandikia kitu." Akacheka kwanza, halafu hakucheka. "Mwanangu, sisi tumewapa maji, wao wametupa baraka. Unataka twende tuwaambie baraka yao imetua kwenye kazi mbovu? Utawatazamaje? Na mimi nitawatazamaje?" Kazi ikaendelea, na sasa juu ya tabaka lile yamelala matabaka mengine, yote yamepimwa, kwa kuwa hayo hayakufungwa, na yote ni mazuri, ukuta umeinuka unapendeza, na mhandisi anakuja hivi karibuni kuupokea kabla ya mvua, ataniuliza kama ukuta wote umepimwa, na atataka nitie sahihi.

Nimemwuliza katekista wetu nilipokwenda nyumbani, akasema baraka ya mtu isidharauliwe. Nimemwuliza mpimaji mwenzangu tuliyesoma naye, akasema, "Mahali pamoja tu? Watu wameruka pengi kuliko hapo." Mzee Olais huniita binti yake, jambo ambalo baba yangu alilicheka sana, kwa kuwa babu zetu na babu zao walinyang'anyana ng'ombe vizazi na vizazi, nami naipenda heshima hiyo kuliko nilivyodhani, na naogopa nikipachimba wataona nimewatemea mate, na nikiacha kupachimba kila nikinywa maziwa ya Naipanoi natazama boma lake lilivyokaa chini ya ukuta na namrudishia kibuyu kikiwa nusu. Nimefikiri pia kuchimba kwa siri siku ya Jumapili, watu wote wakiwa mbali, nikapima nikafukia, asijue mtu.

Nifanye lipi?

Ni mimi mpima udongo, Olbalbal.

JIBU

Evarista,

Sentensi zako ni ndefu kuliko ukuta wenu, na mahali pamoja umeandika mabomba ukikusudia maboma, ukajisahihisha bila kufuta. Mtu anayejisahihisha mbele ya watu namwamini. Kwa hiyo nitasema nawe kama na mtu ninayemwamini, yaani bila kukubembeleza.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu mwovu ndani yake, sikumpata. Msimamizi aliwaonea huruma ndama. Wazee walishukuru. Kijana alilinda neno la baba yake. Wewe ulibeba ndoo. Kila mmoja alifanya jambo ambalo angelisimulia kwa fahari nyumbani kwake, na matokeo yake ni ukuta wenye unga katikati. Ndiyo maana umekwama. Umezoea kufikiri kwamba penye kasoro pana mkosaji, na kwa kuwa humtaki mkosaji, unaiacha kasoro. Tenganisha mambo hayo mawili leo.

Kuwanywesha ndama hakukuwa kosa. Ningekuwapo ningemwambia dereva neno lile lile. Kosa lilianza mtambo ulipowashwa. Msimamizi alitoa maji ya kazi, kisha akataka kazi ifanyike kana kwamba hakuyatoa. Mtu akitoa, akubali kupungukiwa: siku ile ilipaswa kupotea, udongo ungojee maji ya kesho. Alitaka sifa ya kutoa bila hasara ya kutoa. Mwambie hivyo, kwa adabu, ukianza na shikamoo. Ni mtu mwenye moyo. Litamchoma, kisha litamwingia.

Sasa nakugeukia wewe. Unasema unawaheshimu wazee. Sikubali. Wazee wale walibariki mahali ambapo waliambiwa, kwa maneno au kwa kunyamaziwa, kwamba kazi imekamilika. Hakuna aliyewaeleza kwamba maji waliyokunywa ndama wao yalikuwa ya kunyunyizia udongo uliokuwa chini ya miguu yao. Wangejua, labda wangebariki siku ya pili. Labda wangewabariki watu na kuuacha udongo. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu hukuuliza. Umemwuliza msimamizi, umemwuliza katekista, umemwuliza rafiki yako wa chuo, umeniuliza mimi niliye mbali na sijapata kuiona Olbalbal. Mtu mmoja tu hukumwuliza, naye ndiye aliyeweka katazo, na anakuita binti yake. Je, binti gani huyo anayemficha baba yake habari ya nyumba inayoweza kuwaangukia wajukuu? Unaita heshima. Mimi naiita woga, na si woga wa kumwumiza yeye, ni woga wa kupoteza jina zuri ulilopewa. Ni jina tamu, nakubali. Halizuii maji.

Kuhusu shauri lako la Jumapili, litupe. Ukichimba kwa siri utakuwa umewavunjia neno lao bila kuwapa hata nafasi ya kukuruhusu. Na ukikuta udongo ni mbaya, utamwambia nani, na utasema umejuaje? Vipimo vya siri havirekebishi ukuta.

Fanya hivi.

Kwanza, kabla ya mzee, kabla ya msimamizi, nenda kwa Naipanoi. Mwambie ahamishe watoto na mifugo kutoka kwenye lile korongo, wapande juu, mpaka ukuta utakapopimwa wote. Kwa jambo hili huhitaji ruhusa ya mtu yeyote wala kipimo chochote. Akikucheka, mwache acheke akiwa anafungasha. Akikuuliza sababu, mwambie sababu.

Pili, nenda kwa Mzee Olais ukifuatana na Metui, asikie yeye mwenyewe na atafsiri yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuzuia. Usibebe sahani wala patasi; usiende kama mtu aliyekwisha kuamua. Salimu, kaa, kunywa utakachopewa, shukuru kwa baraka ile, kisha useme yote bila kupunguza. Usimfundishe hesabu. Mzee huyo amefuata ng'ombe maisha yake yote. Anajua kwamba njia waliyoikanyaga wakati wa manyunyu hukauka ikawa ngumu kama sakafu, na njia waliyoikanyaga kiangazi huwa vumbi la kufika kwenye vifundo vya miguu, hata wapite ng'ombe wengi kiasi gani. Mwambie kwamba ukuta wote ni njia ya manyunyu, ila katikati ni njia ya kiangazi, na kwamba maji yakija yatapita hapo. Mwambie mtambo wenu ni ng'ombe mzito tu. Ataelewa kabla Metui hajamaliza kutafsiri.

Kisha usiombe ruhusa ya kuvunja. Useme: "Baba, ninyi ndio mliopafunga. Naomba mnifundishe jinsi panavyofunguliwa." Sidai kuzijua mila za Wamasai na sitakubunia. Lakini sijapata kuona watu wenye utaratibu wa kufunga jambo wakakosa utaratibu wa kulifungua wanapopata sababu. Wakitaka kuwapo, wawepo. Wakitaka maziwa yatangulie patasi, yatangulie. Wakitaka mashimo yachimbwe kwa mti badala ya chuma, basi chimba kwa mti, ujikwangue mikono. Mizani yako haitajua tofauti.

Akikataa je? Inawezekana. Usibishane na usilie. Mwambie kwamba umemsikia, na kwamba hutachimba, lakini pia hutasema kuwa umechimba. Kisha mhandisi atakapokuja, msimamizi akiwa amesimama hapo hapo ili asiseme ulimsengenya, utamwonyesha mahali kwa kidole na kusema neno moja: hapajapimwa. Mweleze sababu yote, pamoja na ndama. Sahihi usitie. Hapo uamuzi utakuwa wake, na analipwa kuufanya. Huenda akaondoa matabaka ya juu, akanyunyiza, akashindilia upya. Huenda akauacha ukuta wazi upande mmoja maji yapite bila kukusanyika mpaka kiangazi kijacho. Hilo si lako. Lako ni kutompa mtu ukuta mzima kwa maneno wakati ukuta mzima haupo.

Utaniambia kwamba kishimo kinaweza kuonyesha pamepita, na fedheha yote hii ikawa ya bure. Sidhani, nawe hudhani. Mkono wako ulikwisha kuufikicha ule udongo. Lakini ikiwa hivyo, utakuwa umewasumbua wazee kwa siku moja na watu watakutania mwaka mzima. Umezoea kuitwa Fisi. Utazoea na hilo.

Naye mpimaji mwenzako aliyekuambia kwamba watu wameruka pengi kuliko hapo, mwulize ni wapi, na unitajie, ili nisipite.

Neno la mwisho ni kwa wasomaji wengine, maana wengi mnaniandikia mambo yanayofanana na haya, ingawa hayana udongo. Gazeti hili hutoka mara moja kwa juma, na barua kutoka Olbalbal huchukua muda wake. Hii ilinifikia siku ambayo mawingu yalikuwa yamekwisha kuonekana upande wa milima. Sikungoja zamu yake ya kuchapishwa. Nilikwenda posta siku hiyo hiyo kupeleka telegramu Karatu, na nikaomba apewe dereva wa lori la maji aiteremshe hadi Olbalbal: NAIPANOI AHAME. MZEE AAMBIWE. SAHIHI USITIE. Karani wa posta aliyasoma maneno yangu, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimjibu, "Bado."